Gil Scott-Heron usiku wa No Nukes, 1979: rekodi za matamasha ya hisani tunazisikilizaje? (Uzi mrefu)

#1 Fundi Miksa

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni mrefu, asiye na muda apite tu, hatutagombana. Mimi kazi yangu ni mitambo ya sauti: harusi, mikutano ya injili, kampeni, na matamasha ya kuchangia hiki na kile. Nimekaa nyuma ya miksa miaka kumi na saba. Kwa hiyo nikisikiliza rekodi ya laivu, sikio langu halianzi na mwimbaji. Linaanza na ukumbi: dari iko juu kiasi gani, watu wamekaa au wamesimama, nani kaipa maiki mgongo. Ni ugonjwa wa kazi.

Juzi nimerudia No Nukes, ile albamu ya santuri tatu iliyotoka mwishoni mwa 1979. Kwa wasioijua, ni rekodi ya matamasha ya usiku tano mfululizo, 19 hadi 23 Septemba mwaka huo, Madison Square Garden, New York. Walioyaandaa ni wanamuziki wenyewe, Jackson Browne, Graham Nash, Bonnie Raitt na John Hall, chini ya umoja wao walioupa jina la MUSE. Fedha zilikuwa za kuwapa nguvu watu waliopinga umeme wa nyuklia. Na kipindi chenyewe kilikuwa cha moto: tarehe 28 Machi kinu cha Three Mile Island kule Pennsylvania kilikuwa kimepata ajali, na Wamarekani wengi walikuwa bado hawajarudiwa na usingizi.

Orodha ya waliopanda jukwaani inatisha. Bruce Springsteen, James Taylor, Carly Simon, Tom Petty, Doobie Brothers, Chaka Khan. Hao ni watu wa kujaza ukumbi hata wakiamua kupiga miluzi tu. Katikati ya msafara huo wa magitaa anaingia jamaa mmoja mwembamba mwenye ndevu, sauti inatoka kifuani, anaitwa Gil Scott-Heron, na wimbo wake unaitwa We Almost Lost Detroit. Kwa kwetu tungesema: nusura tuipoteze Detroit.

Sasa hoja yangu. Wengi siku zile waliimba nyimbo zao ambazo watu walilipia kiingilio. Si dhambi, bila hizo ukumbi haujai. Gil yeye aliwaletea kesi. Kesi ina mahali, ina kinu, ina marehemu. Ndiyo maana miaka zaidi ya arobaini baadaye ukiusikiliza unajua kabisa watu wale walikusanyika kwa ajili gani. Nyimbo kadhaa za albamu ile ukizihamishia kwenye tamasha la kuchangia madawati hakuna atakayegundua.

Naendelea, msifunge mlango.

#2 Chumvi ya Mawe

Mkuu weka muhtasari, wengine tupo kwenye daladala tumesimama.

#3 Fundi Miksa

Shuka kituo kinachofuata ukae kwenye benchi usome.

#4 Mzee Santuri

Kijana, umenikumbusha mbali. Mimi Gil nilimpata kwa kaseti ya kunakiliwa, Kariakoo, 1984. Juu imeandikwa kwa kalamu ya wino "Jazi ya Marekani", basi, hakuna jina la mtu. Nilidhani ni mhubiri aliyekodi bendi. Ilinichukua miaka kujua ni nani.

Wapenzi wa mpira wamjue kwanza baba yake: Gil Heron, Mjamaika, mchezaji mweusi wa kwanza kuivalia jezi Celtic ya Scotland, 1951. Mtoto alizaliwa Chicago tarehe 1 Aprili 1949, akalelewa na bibi yake mzaa mama huko Jackson, Tennessee. Baadaye akasoma Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, chuo kilekile alichopitia Kwame Nkrumah. Hapo ndipo alipokutana na Brian Jackson, mpiga kinanda na filimbi.

Na hapa naomba nigombe kidogo, maana vijana mnamtaja Gil kana kwamba alikuwa peke yake. Nusu ya muziki ule ni Brian Jackson. Ile albamu ya Bridges ya 1977, ambamo wimbo wa Detroit ulitoka kwa mara ya kwanza, ina majina yote mawili kwenye jalada. Maneno ni ya Gil, lakini ule utulivu wa kinanda unaokufanya usikilize habari mbaya bila kukimbia, huo ni mkono wa Brian.

Halafu mjadala wa kama ni soul au ni jazi, muuache. Mwenyewe alijitungia cheo, akajiita mtaalamu wa bluzolojia, yaani elimu ya bluzi. Alianza na riwaya na mashairi, muziki ukamfuata.

#5 Fundi Miksa

Shikamoo mzee. Nimekubali kosa la kumsahau Brian, nalibeba.

Turudi kwenye kesi. Kinu kiliitwa Fermi 1, kando ya Ziwa Erie karibu na mji wa Monroe, jimbo la Michigan, kilomita hamsini hivi kusini ya Detroit. Hakikupozwa kwa maji kama vinu vingi, kilipozwa kwa sodiamu iliyoyeyuka. Tarehe 5 Oktoba 1966 kipande cha bati la zirkoniamu kilichokuwa chini ndani ya kinu kikachomoka, kikaenda kuziba njia ya sodiamu. Fikiria rejeta ya gari iliyoingiwa na mfuko wa plastiki. Mafungu mawili ya fimbo za mafuta yakapata joto yakayeyuka kwa sehemu. Kinu kikazimwa. Mionzi haikuwafikia watu wa nje. Kikarudishwa kazini 1970, na 1972 kikafungwa kabisa.

Mwaka 1975 mwandishi John G. Fuller akatoa kitabu kuhusu ajali hiyo, na jina la kitabu ndilo Gil alilolichukua. Ndani ya wimbo anamtaja pia Karen Silkwood, yule mfanyakazi wa kiwanda cha plutoniamu huko Oklahoma aliyekufa kwa ajali ya gari Novemba 1974 akiwa njiani kukutana na mwandishi wa habari. Jina lake linaingia kama swali, na swali halijibiwi.

Kitu ninachokiheshimu ni kwamba hasemi Detroit iliteketea. Anasema nusura. Hakutia chumvi.

#6 Chumvi ya Mawe

Umeniita?

#7 Mmatumbi wa Michigan

Nimecheka peke yangu kazini. Wakuu, mimi nipo huku mwaka wa tisa. Ukiendesha kutoka Toledo kwenda Detroit kwa I-75 unaiona minara miwili mikubwa ya kupozea upande wa ziwa, inafuka kama sufuria ya ugali. Ile ni ya Fermi 2. Ilianza kuuza umeme 1988 na hadi leo inauza. Kile cha kwenye wimbo ni jirani yake aliyekwisha kufa.

Ila Fundi, hilo la "hakutia chumvi" ungelisema huku wangekushika shati. Kuna wazee waliofanya kazi za umeme maisha yao yote, ukiwatajia wimbo ule wanakunja uso. Wanasema mitambo ya usalama ilifanya kazi yake, kinu kilizimwa, hakuna aliyeumia, sasa Detroit ilipotea wapi hata nusura? Na wako wengine, majirani wa ziwani, wanaosema sodiamu ikigusa maji inawaka, kwa hiyo kujenga kitu kile kando ya ziwa na karibu na mji mkubwa ilikuwa kucheza kamari na watoto wa watu. Nimekaa na pande zote mbili kwenye nyama choma ya mtaani. Hawajawahi kukubaliana, na nyama huisha.

#8 Fundi Miksa

Nimekupata, mkuu. Basi niliseme hivi: wimbo ulitaja jambo lenye anwani kiasi kwamba mpaka leo mtu anaweza kusimama mbele ya mahali penyewe akaubishia. Huwezi kuubishia wimbo unaosema tu dunia iwe na amani.

#9 Kamanda Hesabu

Nimesoma yote kimyakimya. Swali langu ni moja na nalirudia kila mahali mnapotaja tamasha la hisani: pesa ilikwenda wapi?

Mnazungumzia kinanda, mnazungumzia sauti ya kifuani. Usiku tano, ukumbi wa maelfu, santuri tatu, halafu 1980 wakatoa na filamu. Hiyo ni biashara. Neno "hisani" likitangulia, watu wanaona aibu kuuliza risiti. Mimi ni mhasibu, aibu hiyo sina.

#10 Mwana wa Eastlands

Salamu kutoka Nairobi. Kamanda, swali lako lina jibu la kale na linatuhusu sisi moja kwa moja. Vuta kiti.

Tarehe 19 Mei 1961 Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, alipiga Carnegie Hall, New York, na okestra ya Gil Evans nyuma yake. Rekodi ilitoka 1962, Miles Davis at Carnegie Hall, wapenzi wa jazi wengi wanayo. Wasichosoma nyuma ya jalada ni kwamba tamasha lile lilikuwa la kuchangia shirika lililoitwa African Research Foundation. Hilo ni shirika la madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walioianza kazi 1957, makao Nairobi. Leo tunawaita AMREF. Ndiyo, wale wa ndege.

Sasa Miles yuko katikati ya Someday My Prince Will Come, anatokea Max Roach, mpiga dramu mkubwa na rafiki yake wa miaka mingi. Amevaa koti jeupe, mkononi ana bango: Afrika kwa Waafrika, uhuru sasa. Anakaa chini ukingoni mwa jukwaa, kimya. Miles anaacha kupiga, anatoka. Walinzi wanambeba Roach. Baada ya muda Miles anarudi anamaliza kazi, na walioandika habari ile wanasema alirudi na moto kuliko alivyoanza.

Roach alikuwa anapinga nini? Alilishuku lile shirika kwamba liko karibu mno na wakoloni. Hilohilo lako, Kamanda: hii pesa inakwenda kwa nani?

Lakini mimi niko katikati. Mama yangu mdogo alipasuliwa Lodwar na daktari aliyeshuka kutoka kwenye ndege ya AMREF, yuko hai na ana wajukuu. Nikiweka santuri ile nawasikia wote wawili, daktari na mwenye bango, na siwezi kumtoa hata mmoja nje ya chumba.

#11 Mzee Santuri

Marahaba Fundi, nilichelewa kuitikia.

Mwana wa Eastlands, umeisimulia vizuri, ila mjukuu wangu akisoma asije akadhani Roach alikuwa mkorofi tu. Shika kalenda ya 1961. Januari, Patrice Lumumba ameuawa Katanga. Tarehe 15 Februari Wamarekani weusi wakaingia kwenye kikao cha Baraza la Usalama pale Umoja wa Mataifa, New York, wakapiga kelele mpaka kikao kikasimama. Mwimbaji Abbey Lincoln alikuwa mmoja wao, na ndiye aliyeimba kwenye We Insist!, ile albamu ya uhuru aliyoirekodi Roach 1960. Huku kwetu Tanganyika ndiyo kwanza tumepata madaraka ya ndani tarehe 1 Mei. Kenyatta bado yuko Maralal chini ya ulinzi. Mimi nilikuwa na miaka saba, nakumbuka redio ya jirani na watu wazima waliosimama dirishani kwake.

Mtu wa aina ya Roach, katika mwaka ule, akiona ukumbi wa kifahari unachangisha kwa jina la Afrika na walioshika kapu ni madaktari wa Kizungu kutoka koloni la Kenya, ungetaka afanye nini? Aulize kwa barua?

Kwamba shirika lilikuja kuokoa maisha ya watu wetu, hilo tumeliona baadaye. Yeye hakuwa na baadaye mkononi.

#12 Chumvi ya Mawe

Nimefika nyumbani. Nimekaa. Mzee, endelea.

#13 Fundi Miksa

Mmenipeleka kwa Miles, sasa acha nimalizie huko kabla sijarudi kwa Gil, maana kuna mtu mmoja anayewaunganisha na ndiye niliyekuwa nataka kumfikia.

Tarehe 12 Februari 1964 Miles alipiga tena tamasha la kuchangisha, safari hii Philharmonic Hall, New York. Fedha zilikuwa za kuandikisha wapiga kura weusi Mississippi na Louisiana. Tuelewane hapo: Mississippi wakati ule walioandikishwa hawakufika asilimia 7 ya watu weusi wenye umri wa kupiga kura. Ukienda kujiandikisha unaweza kupoteza kazi, nyumba, au uhai. Kwa hiyo fedha ile ilikuwa ya jambo halisi.

Bendi: George Coleman saksafoni, Herbie Hancock piano, Ron Carter besi, na kwenye dramu Tony Williams, kijana wa miaka 18. Miles aliamua kwamba wote watapiga bure. Tatizo ni kwamba aliamua yeye. Vijana waliposikia, wengine wakawaka. Wana kodi ya nyumba, wana familia, na hisani unayotolewa kwa nguvu si hisani tena. Walipanda jukwaani wamenuna. Herbie alikuja kusimulia kwamba walishuka wakiamini wameharibu kabisa usiku ule.

Halafu rekodi ikatoka. Zile za taratibu zikawekwa kwenye My Funny Valentine, za kasi kwenye Four & More. Sikilizeni Four & More, wakuu. Mimi kama fundi nawaambia, kasi ile si ya watu waliofurahi. Tony anaisukuma bendi kama dereva aliyegombana na kondakta. Ni moja ya rekodi kali za laivu nilizowahi kuzisikia, na ndani yake kuna ugomvi wa posho.

Na yule mpiga besi aliyenuna 1964, Ron Carter? Miaka saba baadaye, 1971, ndiye anayepiga besi kwenye Pieces of a Man ya Gil Scott-Heron. Ile besi inayotembea chini ya The Revolution Will Not Be Televised ni mkono wake.

#14 Kamanda Hesabu

Hapo umenipa silaha. Walipiga bure bila kuulizwa, na kampuni ya santuri ikapata albamu mbili za kuuza. Nimemaliza.

#15 Fundi Miksa

Hujamaliza, Kamanda, na mimi nakuelewa kuliko unavyodhani.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kufunga mitambo kwenye tamasha la kuchangia matibabu ya watoto wenye maradhi ya moyo. Mji siutaji, waandaaji siwataji. Tulikubaliana nusu bei kwa sababu ya watoto. Nikaleta jenereta, mafuta yangu, vijana wanne wa kubeba spika. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa ngazini. Ndoo za michango zilipita mara tatu, na mara ya tatu kuna mama alivua hereni akatumbukiza. Niliona kwa macho yangu maana nilikuwa juu kwenye jukwaa la mitambo.

Wiki mbili baadaye napiga simu kuulizia nusu yangu. Naambiwa, "Mkuu, ile si tulisema ni ya kujitolea?" Nikameza. Nikauliza, basi watoto wamepata ngapi? Simu ikakatika, na namba ile haijapatikana tena.

Rekodi ya usiku ule ninayo, nyuzi zote kumi na sita, safi. Mwimbaji alilia katikati ya wimbo na hakuwa anaigiza, yeye naye hakulipwa. Ni kazi nzuri kuliko nyingi ninazozipata. Nimejaribu kuifungua mara mbili niichanganye, nikifika pale ndoo zinapopita, na unasikia sarafu zinavyogonga plastiki, nafunga kompyuta naenda kunywa maji.

Kwa hiyo swali lako naliheshimu. Ninachokataa ni kwamba likishaulizwa, muziki unyamaze.

#16 Dada Zuhura

Poleni na mada nzito kaka zangu. Hilo la hereni limeniuma. Mimi si mtaalamu wa jazi, nimefuata jina la Nina Simone nikijua lazima litatajwa na mpaka sasa kimya. Naye si wa mambo haya haya?

#17 Fundi Miksa

Dada Zuhura, Nina anastahili uzi wake mwenyewe na nikimwanza hapa hatutalala. Nikuachie moja tu: tarehe 7 Aprili 1968, siku tatu baada ya Martin Luther King kuuawa, alipanda jukwaani Westbury, New York, akaimba wimbo ambao mpiga besi wake Gene Taylor aliutunga kwa msiba ule. Bendi haikuwa imeuzoea. Utausikia unavyotafuta njia. Upo kwenye 'Nuff Said!

#18 Mngoni wa Likuyu

Wakuu samahani naingia na ya kwetu. Nasoma haya nikiwa Namtumbo, Ruvuma. Mnaongelea kinu cha Marekani, sisi urani iko chini ya miguu yetu, Mto Mkuju. Mpaka wa Selous ulisogezwa 2012, UNESCO wakaridhia, ili eneo la mgodi liwe nje ya hifadhi. Tangu wakati huo wageni wenye kofia ngumu wanakuja wanaondoka, na mwaka 2025 kiwanda cha majaribio kikazinduliwa.

Sipingi wala siungi mkono, nina ndugu anayetafuta kazi pale na nina shangazi anayeogopa maji ya kisima. Nilichotaka kusema: kwenye mikutano tunapewa maneno makubwa, uwekezaji, fursa, usalama wa kimataifa. Hakuna aliyetutungia wimbo wenye jina la mto wetu. Nimeusikiliza huo wa Detroit mara nne leo. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini nikisikia Detroit, nasikia Mkuju.

#19 Mmatumbi wa Michigan

Mngoni, nimesimama kwa heshima.

#20 Mzee Santuri

Mwambieni kijana huyo autunge mwenyewe. Wangoni hawajawahi kukosa nyimbo.

#21 Fundi Miksa

Mngoni, mitambo nitaileta mimi, na mafuta ya jenereta juu yangu. Hii naandika mbele ya mashahidi.

Sasa nimjibu Kamanda kwa mfano wenye hesabu kidogo. Mwaka 1985 Steven Van Zandt na Arthur Baker walikusanya wanamuziki wakatoa Sun City, wakisusia ule mji wa starehe uliojengwa Bophuthatswana, mojawapo ya vile vinchi bandia vya makaburu. Gil yumo, kwenye Let Me See Your I.D. Ilikuwa lazima awemo: wimbo wake wa Johannesburg aliutoa 1975, mwaka mmoja kabla ya maandamano ya Soweto, wakati waimbaji wengi wa kwao hata kutamka jina la mji huo hawajui.

Sun City ilipata zaidi ya dola milioni moja. Fedha zilipitia The Africa Fund ya New York na mafungu yalitajwa: familia za wafungwa wa kisiasa, elimu ya wakimbizi wa Afrika Kusini, na vikundi vya kupinga ubaguzi ndani ya Marekani. Wakimbizi hao sisi tuliishi nao, muulizeni mtu yeyote wa Morogoro habari za Mazimbu na Dakawa.

Na sasa sikilizeni hili, ndilo lililonifanya nianzishe uzi. Kwenye albamu hiyohiyo kuna wimbo wa jazi, The Struggle Continues. Tarumbeta ni Miles Davis. Piano, Herbie Hancock. Besi, Ron Carter. Dramu, Tony Williams. Wale wale wa Februari 1964, miaka ishirini na moja baadaye, kwenye rekodi nyingine ya kuchangisha. Sasa ni watu wazima, kila mmoja ana jina lake, hakuna wa kuwaamulia. Wamekuja kwa miguu yao.

#22 Mwana wa Eastlands

Aisee. Hiyo ya Ron Carter sikuijua, na Pieces of a Man ninayo miaka yote hii.

#23 Dada Zuhura

Kwa mtu anayeanza kabisa, aanzie wapi kwa huyo Gil? Msinipe orodha ya vitabu.

#24 Fundi Miksa

Anza na wimbo wa Detroit wa studio, Bridges, usiku, sauti ndogo. Kesho yake sikiliza ule wa No Nukes kwa sauti kubwa uone wimbo mpole unavyosimama kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu. Ni ukumbi mgumu ule, mwangwi wake unakula maneno, na Gil ni mtu wa maneno. Ujasiri wake ni kwamba hapandishi sauti. Anaacha watu wasogee.

Ukipenda, tafuta It's Your World, nusu yake ni laivu, Paul's Mall, Boston, Julai 1976, wakati Marekani inasherehekea miaka mia mbili ya uhuru. Kuna sehemu anaongea tu, Bicentennial Blues, na ukumbi unacheka mpaka ghafla hauna cha kuchekea. Ile haikuwa ya kuchangisha, Kamanda atulie.

#25 Mzee Santuri

Mwongezee ile habari ya Stevie Wonder. Mwaka 1980 Stevie alikuwa anaanza ziara ya Hotter Than July na Bob Marley ndiye awe naye. Marley akaugua, Gil akashika nafasi. Katikati ya ziara, tarehe 15 Januari 1981, wakasimama Washington kwenye baridi kudai siku ya kuzaliwa ya King iwe sikukuu ya taifa. Reagan akasaini sheria Novemba 1983, sikukuu ya kwanza ikawa Januari 1986. Gil aliiandika habari hiyo kitabuni na kitabu kikatoka 2012, yeye mwenyewe amekwisha kufariki Mei 2011. Safari ile hawakuchangisha fedha, walichangisha watu.

#26 Dada Zuhura

Nimesikiliza vyote viwili. Kwenye ule wa studio nilikuwa nakunja nguo, nikaendelea kukunja. Kwenye ule wa New York nilisimama na shuka mkononi. Basi, sina maneno ya kitaalamu.

#27 Chumvi ya Mawe

Nami nimesikiliza. Nasubiri wa Mkuju.

#28 Kamanda Hesabu

Nimesikiliza mara mbili, ya pili kwa hiari yangu. Wimbo ni mzuri. Fundi, nitumie namba ya yule aliyekata simu, nina rafiki anayejua kufuatilia madeni. Na Mngoni, siku mkifanya tamasha lenu huko Namtumbo, ndoo nitashika mimi, na kila hereni nitaiandikia risiti.